Mchujo wa Urais wa Chama cha Democratic, 2008

Kinyang'anyiro cha Barack Obama na Hillary Clinton kuwania tiketi ya urais wa Marekani kiliziumbua kura za maoni mapema. Obama alishinda Iowa Januari 3, na watafiti wengi wakampa New Hampshire pia. Siku tano baadaye Clinton akaibuka kidedea huko kwa takriban asilimia 39 dhidi ya 36.

Hesabu iliyoamua, hata hivyo, ilikuwa ya wajumbe, wanaogawanywa kwa uwiano wa kura. Kambi ya Obama ilijizatiti kwenye majimbo madogo yaliyokuwa yakichagua kwa mikutano, ambayo wapinzani wake waliyapuuza, kosa la wazi. Idaho ilimpa Obama ziada ya wajumbe 12. New Jersey yote, Clinton 11.

Clinton alisitisha kampeni Juni 7.