Kuishi na mtu aliyezidiwa na pombe: yapi yanasaidia, yapi yanahatarisha

Kifaru ipo kando ya barabara kuu inayotoka Same na Mwanga kuelekea Himo na Moshi, na pombe huifikia kutoka kila upande. Milimani Upareni kuna dengelua ya miwa. Uchagani kuna mbege ya ndizi na ulezi. Madukani kuna bia na pombe kali za chupa. Gongo nayo, ingawa sheria inaikataza, anayeitaka anajua pa kuipata. Viroba vilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1 Machi 2017, lakini aliyekuwa amenaswa na viroba hakupona kwa tangazo. Alihamia kwenye kinywaji kingine.

Makala hii hatukumwandikia mnywaji. Tumemwandikia mke, mume, mama, kaka au mtoto mkubwa anayeishi na mtu aliyekunywa kwa miaka mingi, aliyeahidi kuacha mara nyingi, na ambaye kila mtu kijijini amekwisha kumkatia tamaa. Ndugu kama huyu hupewa ushauri mwingi, na sehemu ya ushauri huo inaweza kumuua mgonjwa.

Ulevi au uraibu?

Wapo wanaolewa siku ya sherehe na kesho yake wakaenda shambani kama kawaida. Mraibu ni mwingine. Mwili wake umezoea pombe kiasi kwamba bila pombe haufanyi kazi sawasawa. Dalili iliyo rahisi kuiona ni ya asubuhi: mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hawezi kushika kikombe cha chai, na akishazimua kwa glasi moja anatulia. Mtu wa namna hiyo hanywi tena kwa ajili ya raha. Anakunywa ili asiugue.

Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 ya kupima hali hii: mtu anakunywa mara ngapi, kiasi gani, kama amewahi kushindwa kukumbuka ya jana, kama amewahi kuumia au kuumiza mtu kwa sababu ya pombe, na kadhalika. Maswali hayo yametafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali ya KCMC, Moshi. Mhudumu wa afya anaweza kumuuliza mgonjwa kwa dakika chache tu.

Hospitali hiyohiyo, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, imekuwa ikijaribu mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Majeruhi anayekunywa kwa hatari anapoletwa hospitalini, muuguzi aliyefundishwa hukaa naye kwa mazungumzo mafupi. Hamhukumu. Humsaidia aone mwenyewe uhusiano kati ya pombe na jeraha lake, kisha aseme yuko tayari kubadili nini. Tunautaja mpango huu kwa sababu njia hiyo ya kuongea ndiyo inayofaa hata nyumbani, na tutairudia hapa chini.

Msimfungie ndani

Hili tunaomba lisomwe mara mbili. Tuseme familia moja ya Kifaru imechoka. Kaka wawili wanashuka kutoka milimani, wanamfungia ndugu yao chumbani kwa wiki moja "pombe imtoke". Wanampa maji na uji. Nia yao ni njema kabisa. Lakini kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, kukatiza pombe ghafla bila uangalizi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani.

Mambo huenda hivi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza kati ya masaa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege ikija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi yao huingia katika hali mbaya zaidi: homa, kuweweseka, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, kutojua yuko wapi. Hapo majirani husema amelogwa au ana mapepo, na saa za kumwokoa zinapita kwenye maombi au kwa mganga. Ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Hali hii inaweza kuua, na inatibika.

Hospitalini hupewa dawa za kutuliza mwili, kama diazepamu, kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo si pambo. Mlevi wa muda mrefu hula kidogo na mwili wake huishiwa nayo, na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika hadi akapoteza kumbukumbu moja kwa moja. Msinunue diazepamu dukani mkampa wenyewe. Ikichanganyika na pombe inaweza kumzuia kupumua.

Kama mtu wenu anatetemeka asubuhi, au amewahi kupata degedege alipokosa pombe, asiache ghafla akiwa nyumbani. Aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Hadi atakapoonwa, ni salama zaidi apunguze kidogo kidogo kuliko kukata mara moja. Tunajua inashangaza kusikia hivyo kutoka redioni, lakini ndivyo ilivyo.

Jambo lingine ni "dawa ya kuacha pombe" inayouzwa ili mke amtilie mumewe kwenye chakula bila yeye kujua. Ipo dawa halisi ya hospitali, disulfiramu, ambayo humfanya mtu augue vibaya akinywa. Hupewa mtu aliyekubali mwenyewe, anayejua itakavyomfanya, na aliyepimwa ini na moyo. Ukimpa kwa siri naye akanywa kama kawaida, presha inaweza kushuka akaanguka, na wenye moyo dhaifu wanaweza kufa. Za kienyeji ndiyo kabisa, kwani hakuna ajuaye kipimo chake. Na akigundua alikuwa anatiliwa kitu kwenye sahani, hatakula tena kwako wala hatakuamini.

Kuongea naye

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha ndugu 130 wa watu waliokuwa wamekataa kutibiwa ulevi. Waliwagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilielekezwa kwenye vikundi vya kutiana moyo na kumwachia mlevi maamuzi yake. La pili lilifundishwa kuitisha kikao cha kumkabili. La tatu lilifundishwa kubadili namna ya kuishi naye kila siku: kumkaribia na kumfurahia anapokuwa mzima, kujitenga naye kwa utulivu anapokuwa amelewa, kuacha kumfichia aibu, na kumkaribisha kwenye matibabu kwa wakati mzuri. Waliokubali kwenda kutibiwa walikuwa asilimia 13 kwa kundi la kwanza, 30 kwa la pili, na 64 kwa la tatu. Katika kundi la pili, familia nyingi hazikuweza hata kukifanya kikao chenyewe.

Huko ni Marekani, si Upareni. Hata hivyo, kwa yale tunayoyajua ya vikao vya ukoo, hatuoni sababu ya kudhani kwetu ni tofauti sana. Mtu akikalishwa katikati, wajomba na mashangazi wakimsoma makosa yake moja baada ya jingine, ataapa lolote ili kikao kiishe. Jioni ataenda kuipoza aibu kilabuni.

Mchague mtu mmoja anayemheshimu na ambaye hajawahi kumtukana. Chagueni asubuhi akiwa ametulia, au siku ya pili baada ya jambo lililomtisha, kama kuanguka na bodaboda au kutapika damu. Msiongee usiku akiwa amelewa. Hatakumbuka, nanyi mtaumia bure. Mke anaweza kusema, "Baba watoto, jana mtoto alikusubiri umsaidie daftari, akalala bila kukuona. Nakuhitaji. Kesho naenda zahanati, twende wote wakupime presha na ini." Sentensi hiyo ina jambo moja lililotokea, hisia moja, na safari moja yenye siku. Haina neno "mlevi". Akikataa, nyamaza, urudie wiki nyingine.

Anapokuwa hajanywa, hata kwa nusu siku tu, aone tofauti. Mpikie anachopenda, kaeni naye, mpeni kazi ya heshima. Wengi wetu hufanya kinyume: akiwa mzima tunamnunia kwa ya jana, akiwa amelewa tunamhudumia.

Kuacha kumfichia haina maana ya kumtupa. Deni lake la kilabu asilipiwe. Bosi asidanganywe kwamba ana malaria. Akilala nje ya mlango na nguo chafu, hakikisheni tu yuko salama na hana baridi, ila asubuhi azione mwenyewe. Chakula asinyimwe, na kidonda kitibiwe.

Tuseme na hili, ingawa halipendezi. Kwenye nyumba nyingi pombe hiyohiyo ndiyo inayolipa ada ya shule, kwa sababu mama anapika au anauza. Kumwambia aache biashara kesho ni rahisi kwa asiye na watoto wa kulisha. Angalau pombe isihifadhiwe wala kuuzwa ndani ya nyumba anamolala mgonjwa. Na mgonjwa akiwa ni mama mwenyewe, ambaye huonja kila pipa analopika, msimfiche ndani kwa aibu. Wanawake huchelewa kufika hospitalini kwa sababu hiyo.

Nyumba, shamba na watoto

Mali huondoka kabla mtu hajapona, kwa hiyo ilindeni mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke anayeona dalili za kuuzwa kwa nyumba au shamba amweleze mtendaji wa kijiji kabla mnunuzi hajaja, si baada. Fedha za mavuno au za VICOBA zisikae kwenye simu anayoijua namba ya siri. Mkubaliane naye siku akiwa mzima, maana ukimnyang'anya kwa nguvu utapata ugomvi.

Kupigwa hakuvumiliwi kwa kisingizio cha ugonjwa. Akianza vurugu, toka na watoto, mwende kwa jirani mliyekubaliana naye tangu mapema. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ni ya bure kwa ajili ya watoto walio hatarini. Watoto waambiwe wazi kwamba baba au mama anaumwa, na kwamba wao hawakusababisha.

Baada ya kuacha

Siku za hospitali ni chache. Kazi ndefu ni miezi inayofuata. Atakosa usingizi, atakuwa na hasira, atapita mbele ya kilabu kilekile kila siku. Badilisheni njia ya kwenda shambani, mpeni shughuli kwenye saa alizokuwa akinywa, hasa jioni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati, dawa za kumsaidia aliyeacha asirudi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Waulizeni madaktari wa afya ya akili kama zinapatikana na kama zinamfaa. Mkipelekwa kwenye nyumba ya upataji nafuu, ulizeni kwanza ni nani atakayemwangalia kitabibu siku za mwanzo, na kama ndugu wanaruhusiwa kumtembelea. Penye minyororo au viboko, ondokeni naye.

Akinywa tena baada ya miezi mitatu, ile miezi mitatu haijapotea. Mrudisheni mapema, kabla wiki haijageuka mwezi.

Usiku wa dharura

Akiwa hazinduki, anakoroma kwa shida, au amepata degedege, mlazeni ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Msimtapishe, msimnyweshe maziwa wala kahawa. Akinywa gongo au pombe asiyoijua na baadaye akalalamika haoni vizuri, huenda ni sumu ya methanoli, ile iliyoua makumi ya watu nchini Kenya mwezi Mei 2014. Akimbizwe hospitali usikuohuo, hata kama anaonekana amepata nafuu.

Mkifika, semeni ukweli wote: alikunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho saa ngapi, kama aliwahi kupata degedege au kuweweseka, na kama amepewa dawa yoyote, ya duka au ya mti. Msiogope kutaja gongo. Mhudumu wa afya si polisi, na saa ya kinywaji cha mwisho ndiyo itakayomwambia hatari ipo karibu kiasi gani.