Nchi Zisizo Katika Ramani

Ewe msomaji kijana, ukiishika barabara kuu itokayo mji wa Kakamega kwenda Kisumu, kabla hujalifikia soko la Khayega utaliona jiwe kubwa mno lililosimama wima mfano wa mtu, nalo limebeba jiwe jingine kichwani. Mahali hapo huitwa Ilesi, na maji huteremka katika mfuo wa jiwe hilo kama machozi. Nilipokuwa mtoto nyanya yangu aliniambia kwamba jiwe lile hulia, nami nikasadiki. Nilipokua nikafundishwa kwamba maji ya mvua hukusanyika juu yake kisha yakatiririka chini, nikasadiki hilo pia. Wala sikuona haja ya kuifukuza habari moja ili nyingine ipate nafasi.

Nayasema haya kwa sababu ya mazungumzo tuliyokuwa nayo Khayega wakati wa likizo, sisi walimu watatu pamoja na binti mmoja anayesomea ualimu katika chuo nifundishacho. Ilikuwa Jumamosi jioni, tukinywa chai, na kila mmoja alitoa rai yake juu ya vitabu vya ajabu alivyovisoma karibuni: vitabu vya nchi zisizokuwapo, vya vyombo viendavyo angani, vya viumbe ambao jicho halijapata kuwaona. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa fizikia, alidai kwamba vitabu hivyo ni vya kupitishia muda, na kwamba mtu mzima avisomaye hujirudisha utotoni. Nilimpinga siku ile, lakini sikumpinga vizuri. Nataka kujaribu tena mbele yako.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kitabu cha kwanza cha namna hii nilichokisoma kwa Kiswahili kilikuwa nakala chakavu ya *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Mtungaji wake, H. Rider Haggard, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1885. Tafsiri ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1929. Johnson huyo ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile kamati ya lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki, naye alitutafsiria pia safari za Gulliver. Tusimdharau, maana wengi waliojua kusoma katika miaka ile hawakuwa na riwaya nyingine ya kushika mkononi. Hata msichana Alice aliletwa kwetu mwaka 1940 kwa jina la Elisi, na katika picha za kitabu hicho alichorwa kama mtoto wa Kiafrika. Jambo lililonifurahisha sana nilipoligundua.

Basi katika *Mashimo*, Waingereza watatu wanavuka jangwa, wanaingia nchi ya Wakukuana, wanapigana vita vya wenyeji, na mwishowe wanatoka na almasi mifukoni. Nilizishangilia hatua zao zote. Nilitaka kuwa Quatermain. Haikunijia hata mara moja kuuliza almasi zile zilikuwa mali ya nani.

Sasa tazama jinsi historia inavyoweza kumcheka msomaji. Tafsiri ile ilikuwa ingali mpya wakati dhahabu ilipoonekana Kakamega, mwaka 1931, na mamia ya Wazungu wakaja kutafuta bahati yao katika mito na mashamba ya watu wetu. Sheria iliyotungwa mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi iliyotengewa wenyeji ni yao milele, na kwamba kipande kikitwaliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake. Ahadi hiyo haikuishi sana. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ilibadilishwa, ikawezekana ardhi kutwaliwa kwa ajili ya madini na mwenyewe kulipwa fedha tu. Jambo hilo lilizusha mabishano mpaka katika Bunge la Uingereza, lakini uchimbaji uliendelea. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote, haukufungwa hata mwaka 1952. Nyanya yangu alikuwa na hadithi nyingi za mazimwi, lakini kitu alichotukataza kukikaribia kwa ukali hasa kilikuwa mashimo yaliyoachwa wazi vichakani. Nami nilikuwa nikirudi kutoka huko, nikikaa chini ya mwembe, nikisoma *Mashimo* bila kuona kwamba neno lilikuwa moja!

Kwa hiyo simwambii mwenzangu wa fizikia kwamba hadithi za ajabu hazina madhara. Ninachomwambia ni kwamba si mchezo. Yeyote abuniye nchi huamua nani ndani yake atasema na nani atabeba mizigo.

Mwaka 1951, Shaaban Robert, karani wa serikali huko Tanga, alitoa kitabu kiitwacho *Kusadikika*, habari ya nchi iliyo angani. Huko mtu mmoja, Karama, anashitakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuistawisha nchi, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Fikiri, ewe kijana. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na mtungaji alikula mshahara wa serikali hiyo hiyo. Angeandika kwamba Tanga kuna dhuluma, nani angemchapishia? Akaipandisha Tanga angani, nasi tuliobaki chini tukaitambua.

Binti yetu wa chuo hakukubali sifa zote hizo. Alisema kwamba hotuba za Karama ni ndefu mno, na kwamba wajumbe wote sita ni wanaume, kana kwamba katika Kusadikika hakuzaliwa mwanamke awezaye kufunga safari. Nilifungua kinywa nimjibu, nikakosa la kusema. Bado sijalipata.

Kitabu kilichotugombanisha hasa kilikuwa *Walenisi* cha Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1995. Mkangi alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 alitiwa kizuizini pasipo hukumu ya mahakama. Katika kitabu chake Dzombo amehukumiwa kufa, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Lakini Dzombo anakimudu kile chombo, anatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Ligawe jina la nchi hiyo utasikia maneno matatu: wale ni sisi. Mtu aliyefungiwa mlango na serikali yake aliugeuza mlango ule kuwa chombo cha kusafiria. Hapo ndipo niliposhindwa kueleza vizuri siku ile, maana chai ilikuwa imepoa na sauti zimepanda.

Mwalimu wa fizikia alikishambulia chombo cha Dzombo. Kinakwenda kwa nguvu gani? Hewa ya kuvuta inatoka wapi? Nikamtajia Jules Verne, ambaye mwaka 1865 aliwarusha watu mwezini kwa mzinga kutoka Florida. Na mwaka 1969 watu waliokwenda kutua mwezini waliondoka Florida hiyo hiyo. Akanijibu, na ni kweli, kwamba mzinga ule ungewaponda abiria wake papo hapo. Lakini Verne alipiga hesabu zake mbele ya msomaji, hata zikawa za kukosolewa. Mkangi hakupiga hata moja. Hilo namkubalia. Ila Mkangi hakuwa akitafuta njia ya kufika mwezini. Alikuwa akitafuta mahali ambapo mtu aliyeonewa angeweza kusimama na kuitazama Kenya yote kwa mara moja.

Sitakuchosha na *Bina-Adamu!* cha Kyallo Wamitila, cha mwaka 2002, kinachochukua mwendo wa ngano za wazee na kuupitisha katika dunia ya utandawazi. Kisome mwenyewe, nacho kitakusumbua. Mimi kilinisumbua mara mbili.

Tulipoagana niliitoa nakala yangu ya *Walenisi* nikampa mwalimu wa fizikia, naye akaichukua kwa shingo upande. Aliirudisha baada ya majuma mawili. Katika kurasa za safari ya angani alikuwa ametia alama za kalamu ya risasi kila mahali, maswali na vistari vya kukosoa, kama anavyosahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Kuanzia Dzombo alipotua, sikuona alama hata moja.