Tundu la Senti Tano

Sisi tuliozoea kunywa soda dukani na kurudisha chupa tupu huenda tusione maana ya kutoa fedha kwa mashine kuukuu. Swali hilo limenikabili wiki kadhaa, tangu nilipoonyeshwa Vendo 81 inayouzwa hapa Marekani ninakoishi.

Ni mashine nyekundu ya miaka ya 1950, ya kampuni ya Vendo ya Kansas City, yenye nafasi ya chupa 81. Kutu imeila miguuni, na mota haizunguki. Kilichonivuta ni tundu la sarafu, ambalo bado limeandikwa senti tano.

Chupa ya Coca-Cola iliuzwa senti tano kwa miaka mingi, hadi mwisho wa miaka ya 1950. Sababu mojawapo ilikuwa mashine zenyewe: nyingi zilipokea sarafu moja tu. Sarafu iliyofuata ilikuwa ya senti kumi, na kuihamia kungeongeza bei maradufu. Mwaka 1953 Robert Woodruff, kiongozi wa kampuni, alimwomba Rais Eisenhower itengenezwe sarafu ya senti saba na nusu. Haikutengenezwa. Basi kijitundu kidogo kikaizuia kampuni kubwa.

Mafundi hushauri kupaka rangi upya na kuweka tundu la sarafu za leo. Nimeamua kuinunua, ila kwa sharti: mota itengenezwe, kutu ikwanguliwe, tundu lisiguswe. Atakayetaka kung'aa tu, akanunue jokofu jipya. Kitu cha kale kikifutwa alama zake, hubaki na sura, ushahidi ukatoweka.