Misri ya Vigae

Mwulize kijana yeyote hapa mtaani anajua nini kuhusu Misri. Atakujibu bila kufikiri: piramidi, maiti zilizokaushwa, na Farao aliyezama baharini. Kama alikazana kidogo kwenye somo la historia, ataongeza ile sanamu ya Giza yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Basi, kaishia hapo. Miaka elfu tatu na zaidi ya watu waliolima, waliooana, waliokopana na kugombana imefungwa katika vitu vinne. Hata watalii hufuata njia ile ile. Wanashuka Cairo, wanapanda ngamia kule Giza, wanapigwa picha, wanapelekwa Luxor kuchungulia makaburi ya Bonde la Wafalme, kisha hao, wanarudi kwao.

Mimi mwenyewe sijafika Misri. Nauli yangu kwa sasa inaishia Kibaha. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma habari za nchi ile kila ninapobahatika kupata kitabu, na sababu ni moja tu: nataka kuandika riwaya, na sijaona nchi ya kale iliyojaa waandishi wadogo kama ile. Nasema waandishi wadogo makusudi. Sizungumzii wale waliochonga sifa za wafalme kwenye kuta za mahekalu. Nazungumzia makarani wa posho, manyapara, wachimba mawe na watoto wa shule. Maandishi yao yamebaki, na mahali walipoyaandika pamebaki, ingawa mabasi ya watalii hayasimami sana huko. Anayetaka kuijua Misri, hasa akiwa mtu wa kalamu, nasema aanzie huko.

Tuanze na kijiji kimoja. Ukiwa Luxor unavuka mto Nile kwa kivuko mpaka ng'ambo ya magharibi, na hapo unaweza kukodi baiskeli. Nenda alfajiri, kwa maana jua la kule halina mzaha. Barabara ya Bonde la Wafalme waachie wenye mabasi, wewe shika ya Deir el-Medina. Utakuta bonde dogo kavu katikati ya vilima, na ndani yake misingi ya nyumba zipatazo 68, zimebanana kama nyumba za Kariakoo ya zamani, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Hapa waliishi mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya wafalme: wakata mawe, wapaka lipu, wachoraji, pamoja na wake zao na watoto wao, kwa zaidi ya miaka 400, kuanzia karne ya 16 KK. Wiki yao ilikuwa ya siku kumi. Walipanda mlima kwenda kazini, wakalala kwenye vibanda huko juu, na siku za mapumziko wakashuka nyumbani.

Kijiji hakikuwa na kisima. Maji yalipandishwa kwa punda kutoka bondeni, na chakula vilevile. Mafundi walilipwa kwa ngano na shayiri, samaki, mboga na mafuta, yaani posho hasa. Siku walizokuwa na nafasi walijichimbia makaburi yao wenyewe hapo hapo pembeni. Kaburi la fundi mmoja aliyeitwa Sennedjem, lililogunduliwa mwaka 1886, watalii huruhusiwa kuingia. Unateremka ngazi nyembamba, unainama, halafu unasimama ndani ya chumba kidogo chenye rangi ya manjano inayong'aa kana kwamba brashi imewekwa chini jana. Fundi yule kajichora akilima pamoja na mkewe Iyneferti, katika shamba la ahera ambako mazao hayapungui. Mtu aliyeshinda akichora makaburi ya wenzake wakubwa, lake mwenyewe alitaka liwe na jembe na mavuno.

Lakini hazina kubwa ya kijiji kile ilitoka shimoni. Wakazi waliwahi kuchimba kisima wakitafuta maji, wakaenda chini kiasi cha mita 50, maji yasionekane. Shimo likageuka jalala. Mwanaakiolojia wa Kifaransa, Bernard Bruyère, aliyechimba kijiji hicho kati ya mwaka 1922 na 1951, alipolifukua alipata humo maelfu ya vigae na vibanzi vya mawe ya chokaa vilivyoandikwa kwa wino. Karatasi za mafunjo zilikuwa ghali, bwana. Fundi aliyetaka kuandika jambo aliokota kigae. Humo mna hesabu za madeni, ugomvi wa punda wa kukodi, orodha za nguo za kufuliwa, mazoezi ya wanafunzi, na nyimbo za mapenzi. Vibanzi vya aina hiyo vina hata michoro ya utani: paka akimhudumia panya aliyekaa kitini kama bwana mkubwa.

Kimoja kati ya vibanzi vya kijiji kile, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Ramses wa Pili. Karani kapanga majina ya mafundi wapatao 40, na juu ya kila siku ya kutokuja kazini kaandika sababu. Huyu kaumwa na nge. Yule macho yanamsumbua. Mwingine anatengeneza pombe. Mwingine anamzika ndugu yake. Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikatazamwa. Miaka elfu tatu na mia mbili imepita, na visingizio ni vile vile.

Si kicheko tu. Yapata mwaka 1145 KK, mama mmoja wa kijiji hicho aitwaye Naunakhte alisimama mbele ya baraza akatoa wosia wake. Alikuwa amezaa na kulea watoto wanane. Walioshika mkono wake uzeeni, alisema, watarithi mali yake. Waliomtupa hawapati kitu katika fungu lake. Wosia ukaandikwa na tunao mpaka leo. Niambie, hapo riwaya si imeshaanza?

Na kuna jambo kubwa kuliko hayo yote. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, yapata 1157 KK, posho haikuja. Siku zikapita kumi na nane. Mafundi wakaweka vyombo chini, wakapita vituo vya walinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu la mmoja wa wafalme wa zamani. Wakubwa wakaja kubembeleza, wakaapa viapo. Mafundi hawakuondoka. Walisema kilichowaleta pale ni njaa na kiu; hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga; aandikiwe Farao ajue. Kesho yake wakaendelea, mpaka wakaingia katika hekalu lingine kubwa, lile liitwalo Ramesseum. Hatimaye walipewa posho ya mwezi uliopita. Miezi iliyofuata ikachelewa tena, nao wakagoma tena, na safari moja waziri wa Farao akawapatia nusu tu.

Huo ndio mgomo wa wafanyakazi wa kale kuliko yote ambayo kumbukumbu yake ya maandishi inajulikana. Tunaujua kwa sababu ya karani mmoja wa kijiji, Amennakht, anayesadikiwa kuuandika kwenye mafunjo ambayo sasa yako Turin, Italia. Aliandika siku, akaandika mwezi, akaandika walikoketi na walichosema. Kwenye kuta za hekalu kubwa la Ramses wa Tatu, pale Medinet Habu, mwendo mfupi kutoka kijijini, mfalme kachongwa akiwashinda adui zake wote. Njaa ya mafundi haikuchongwa. Msafiri mwenye baiskeli anaweza kupaona mahali pote pawili asubuhi moja, kisha aamue mwenyewe ni wapi alipoisoma historia.

Mie jambo hili linanigusa. Nilipomaliza shule nilifanya kibarua cha kubeba zege kwenye jengo moja hapa mjini. Malipo yalikuwa Jumamosi. Jumamosi ya kwanza tukaambiwa bwana mkubwa kasafiri, ya pili tukaambiwa benki imefungwa, ya tatu nyapara mwenyewe hakuonekana. Tulikuwa watu kama 30. Jengo lile limesimama na limepakwa rangi nzuri. Katika wote 30 hakuna aliyeandika hata mstari mmoja: nani alikuwepo, siku ngapi, shilingi ngapi. Tulipokwenda kudai hatukuwa na kigae cha kuonyesha.

Ziko sehemu nyingine za namna hiyo. Kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kusini ya Suez, pana bandari ya kale iitwayo Wadi al-Jarf. Mwaka 2013 kundi la wachimbaji likiongozwa na Pierre Tallet wa Ufaransa lilipata hapo mafunjo yaliyoandikwa ambayo ni ya kale kuliko yote yaliyokwisha kuonekana, ya karne ya 26 KK. Humo mna kumbukumbu za kazi za nyapara aitwaye Merer, aliyekuwa na watu wapatao 40. Kazi yao ilikuwa kusomba kwa mashua mawe meupe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura kwenda Giza, safari mbili au tatu kila siku kumi. Mawe hayo yalikuwa ya Piramidi Kuu ya Khufu. Maana yake, hata hiyo piramidi wanayopigia picha wageni ina daftari lake la usafirishaji.

Kutoka pwani hiyo, vuka maji uingie Sinai. Kwenye milima ya kusini magharibi, mahali paitwapo Serabit el-Khadim, pana hekalu la mungu wa kike Hathor na machimbo ya feruzi. Kupanda huko ni kwa miguu, na wenyeji wa jangwani ndio wanaoijua njia. Flinders Petrie, Mwingereza, alikuta huko mwaka 1905 maandishi ya ajabu, yaliyofanana na ya Kimisri lakini siyo. Mwaka 1916 Alan Gardiner alifumbua fumbo: watu wa jamii ya Kisemiti waliofika machimboni, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, walikuwa wamechukua picha chache za Wamisri na kuzifanya herufi, kila picha sauti moja. Kichwa cha ng'ombe kikawa A. Igeuze A juu chini, utaziona pembe. Mawimbi ya maji yakawa M. Kutokana na ukoo huo wa herufi ndiko zilikotoka za Kiarabu, ambazo wazee wetu wa mwambao waliandikia Kiswahili, na za Kirumi ambazo naandikia sasa hivi. Fikiria basi: elimu yote tunayojivunia imepitia kwa wachimba mawe.

Kuna pia el-Bahnasa, kilometa kama 160 kusini ya Cairo, mji ambao zamani Wagiriki waliuita Oxyrhynchus. Leo Waislamu huzuru huko makaburi ya mashahidi wa mwanzo. Pembeni yake kulikuwa na vilima vya takataka. Vijana wawili kutoka Oxford, Grenfell na Hunt, walianza kuvichimba majira ya baridi ya 1896 na 1897, wakatoka na vipande vya mafunjo vinavyokadiriwa kufika nusu milioni. Vimekuwa vikichapishwa tangu 1898, vitabu zaidi ya 80, na kazi bado. Mojawapo ni barua ya mtoto Theon kwa baba yake, iliyojaa makosa ya tahajia. Baba kaenda mjini bila yeye. Mtoto anatishia: usiponichukua Alexandria sikuandikii tena, sikusalimii, sili, sinywi! Mwalimu wangu wa Kiswahili angeikata barua ile kwa wino mwekundu toka juu hadi chini. Lakini imeishi karibu miaka 1,800.

Kinachoyatunza haya yote ni ukavu. Ukitaka kujua thamani ya ukavu huo, nenda Siwa, jimbi la mitende karibu na mpaka wa Libya, ambako watu wanazungumza lugha yao ya Kiberiberi pamoja na Kiarabu. Katikati yake umesimama mji wa kale wa Shali, uliojengwa kwa udongo wa chumvi kwa kuwa mvua si kitu cha kutegemewa huko. Mwaka 1926 mvua ilinyesha siku tatu. Nyumba ziliyeyuka na watu wakahama. Magofu yake yanaonekana hadi leo, na jua la magharibi likiyapiga, wanaofika wanasema hayachoshi kutazama.

Siku tatu tu za mvua! Sisi wa mwambao tunapata masika na vuli kila mwaka, na mchwa hawana likizo. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia ni barua za mwaka 1711, na ziko Goa, India, kwa kuwa huko kulikuwa na ofisi iliyozitunza. Zilizobaki kwetu za wakati huo zimeliwa. Na leo? Madaftari yetu yanauzwa kwa kilo yakafungie karanga na maandazi. Mara ngapi umenunua karanga ukasoma insha ya mtoto wa watu kwenye karatasi yenye chumvi?

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, ukipata nauli ya Misri, nenda Deir el-Medina kabla ya Giza, unisalimie Amennakht. Usipoipata, fanya kazi aliyoifanya yeye. Andika bei ya unga mwezi huu. Andika nani aligoma, wapi, alisema nini, na alipewa nusu au hakupewa kitu. Weka tarehe juu ya ukurasa. Kisha daftari lifunge kwenye nailoni, uliweke mbali na mchwa na mbali na muuza karanga.