Kisanduku Chekundu cha Alfred Barr

Mwaka 1936 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, maarufu kama MoMA, yalitoa kitabu cha maonyesho ya Ukubisti na sanaa dhahania. Kwenye jalada lake palikuwa na mchoro mfano wa mti wa ukoo. Pembeni miaka inashuka kutoka 1890 hadi 1935. Katikati imetajwa mikondo ya sanaa, na mingi imewekewa mji na mwaka wake, huku mishale ikionyesha nani kamzaa nani. Humo mna kisanduku chekundu kilichoandikwa kwa Kiingereza "uchongaji wa Weusi". Mshale unatoka hapo kwenda kwenye Ukubisti, lakini kisanduku hakitaji mchongaji, mji wala mwaka.

Aliyeuchora ni Alfred Barr, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho hayo. Barr aliamini kwamba kusikia si kuona, na alichokwenda kukiona mwenyewe ndicho alichokipa jina. Anayetaka kujua kwa nini kisanduku kile kilibaki bila jina hana budi kuifuata njia aliyopita.

Alizaliwa Detroit mwaka 1902, baba yake akiwa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisoma Princeton, kisha Harvard, ambako Paul Sachs alikuwa akiwaandaa vijana kwa kazi ya makumbusho. Mwaka 1927, akifundisha chuo cha wanawake cha Wellesley, alianzisha somo la sanaa ya kisasa, jambo geni kabisa wakati huo. Hakuwafungia wanafunzi darasani na picha tu. Aliwatuma kwenye stesheni za reli na kwenye kiwanda cha peremende, wakatazame majengo na mitambo kwa jicho lilelile la kutazamia michoro.

Mwishoni mwa mwaka huo yeye na rafiki yake Jere Abbott walifika Dessau, Ujerumani, kwenye shule ya Bauhaus, ambako wachoraji, wafumaji na wasanifu majengo walifanya kazi pamoja. Kutoka Ujerumani wakaendelea hadi Moscow, wakaingia katikati ya majira ya baridi. Huko Barr aliandika shajara, akamtembelea msanii Rodchenko, akakutana na Eisenstein wa filamu na Diego Rivera wa Mexico. Aliona pia picha za Matisse na Picasso zilizonunuliwa na matajiri Shchukin na Morozov, kisha zikataifishwa baada ya mapinduzi. Safari hiyo haikupita Afrika.

Mwaka 1929 wanawake watatu wenye uwezo, Abby Rockefeller, Lillie Bliss na Mary Sullivan, waliamua New York ipate makumbusho ya sanaa ya kisasa. Sachs alimpendekeza Barr, kijana wa miaka 27. Milango ilifunguliwa tarehe 7 Novemba, siku chache baada ya soko la hisa kuanguka, katika vyumba vya kupanga kwenye ghorofa ya 12. Maonyesho ya kwanza yalivuta watu wapatao 47,000. Aliyoyaona safarini yakaanza kujitokeza: Rivera alipewa maonyesho yake mwaka 1931, idara ya usanifu majengo ikaanza 1932 na ya filamu 1935.

Mwaka huohuo wa 1935 Barr na mkewe Marga walikwenda Hannover, Ujerumani. Wanazi walikuwa wameshika nchi, na mkurugenzi wa makumbusho ya huko, Alexander Dorner, alikuwa amehifadhi kazi ambazo mchoraji Mrusi Malevich aliziacha nchini humo mwaka 1927. Barr aliviringisha picha mbili ndani ya mwavuli, akavuka nazo mpaka. Nyingine zilisafirishwa kwa jina la mkopo. Mwaka 1999 MoMA yalilazimika kuelewana na warithi wa Malevich: picha moja ilirudishwa, na nyingine zikalipiwa. Kuokoa kitu si kukimiliki.

Je, Afrika? MoMA yaliifanyia maonyesho katika mwaka huo wa mwavuli. James Johnson Sweeney alikusanya takriban vitu 600 kutoka kwa wenye navyo Ulaya na Marekani, na Walker Evans akavipiga picha. Vilipangwa kwa maeneo, si kwa mafundi. Kwa Malevich, Barr alivuka mpaka wa Wanazi. Kwa mchongaji wa Kongo, hakuna aliyetumwa kuuliza ni nani. Mwaka uliofuata kisanduku chekundu kikachorwa.

Mwaka 1943 bodi ilimvua ukurugenzi. Barr hakuondoka, alijibanza kwenye maktaba ya makumbusho akiandika, hadi mwaka 1947 alipopewa usimamizi wa mikusanyo yote.

Akiwa kwenye nafasi hiyo, mwaka 1960, makumbusho yalinunua picha ndogo ya rangi za mafuta iliyochorwa mwaka 1956: wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mchaga yeyote ataitambua mbege hiyo. Mchoraji ni Sam Ntiro wa Machame, mwalimu wa Makerere, ambaye muda mfupi baadaye aliiwakilisha Tanganyika huko London kama balozi. Fedha zilitoka kwenye mfuko wa Elizabeth Bliss Parkinson, ambaye Lillie Bliss alikuwa shangazi yake. Safari hii Mwafrika aliingia kwenye daftari la makumbusho kwa jina lake, pamoja na mwaka wa kazi yake.

Barr alistaafu mwaka 1967, akafariki 1981. Mchoro wake bado unachapishwa, kisanduku kikiwa vilevile. Picha moja ya Ntiro haifuti deni hilo, ila inaonyesha kwamba jina lilikuwa linapatikana kwa aliyelitafuta. Ghala nyingi za makumbusho, huko na huku kwetu, bado zina vinyago vilivyoandikwa kabila tu. Mhifadhi anayevirithi ana pa kuanzia: daftari la mapokezi, jina la aliyeuza, jina la kijiji, kisha nauli ya kwenda kuuliza wazee. Barr alifunga safari ya namna hiyo kwa ajili ya Moscow na Hannover. Vinyago navyo vinaistahili.