Ngagi wa fedha

Katika Kiswahili chetu neno fedha lina maana mbili. Ni madini meupe yang'aayo, tena ni mali tunayolipia chumvi na nguo sokoni. Hapa Kongo twasema pia makuta, ijapokuwa makuta yenyewe yamekwisha kuondoka zamani. Iko sarafu moja ya mwaka 1975 ambayo ndani yake maana hizo mbili ziliachana kabisa.

Mwaka ule nchi yetu iliitwa Zaire, na pesa zake zaire vilevile. Zaire moja ilikuwa makuta 100, na tangu ilipoanzishwa mwaka 1967 ilihesabiwa kuwa sawa na dola mbili za Marekani. Siku zile chama cha WWF kilipatana na serikali za nchi nyingi zitoe sarafu zenye sura za wanyama walio karibu kuangamia. Sarafu hizo zilipigwa Uingereza na kuuzwa kwa watu wapendao kukusanya sarafu, ili sehemu ya faida isaidie ulinzi wa wanyama. Zaire ilitoa tatu: ya dhahabu yenye chui, zaire 100, ya fedha yenye okapi, zaire 5, na ya fedha yenye ngagi, zaire 2 na nusu. Upande wa pili, Rais Mobutu. Sarafu ya ngagi haifiki gramu 30. Katika sehemu 1000 za madini yake, 925 ni fedha tupu.

Ngagi ni gorila wa milimani. Manyoya yake ni marefu na mazito kwa sababu ya baridi, naye hula majani na machipukizi ya mianzi. Hakai pengine ila katika volkano za Virunga, mahali Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana, na katika msitu wa Bwindi kule Uganda. Wenyeji walimfahamu tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya walipata habari zake baada ya Oktoba 1902, wakati Kapteni Robert von Beringe, askari Mjerumani, alipowapiga risasi wawili juu ya mlima Sabinyo. Mwaka uliofuata walimwita mnyama huyo kwa jina la Beringe. Hivi hata leo, katika vitabu vya elimu, ngagi huchukua jina la mtu aliyemwua!

Mwaka 1921 alifika Mmarekani Carl Akeley, naye kwa bunduki, atafute ngozi kwa jumba la makumbusho la New York. Lakini moyo wake uligeuka. Akawasihi wakubwa wawahifadhi wanyama hao, na mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaweka mbuga iliyoitwa kwa jina lake; leo ndiyo Virunga. Akeley alirudi mwaka 1926, akafa kwa ugonjwa kwenye mteremko wa Mikeno, akazikwa papo hapo Kabara. Tusisahau lakini ya kuwa mpaka wa mbuga uliwafungia wenyeji mashamba na mawindo. Ugomvi wa ardhi ulioanza hapo haujaisha.

Turudi kwa sarafu. Haikupigwa kwa ajili ya soko la Rutshuru. Ilikuwa ya kuwekwa ndani ya sanduku, mbali. Nayo zaire ikaanza kuanguka tangu 1976. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 franga ilirudi, na franga moja ililingana na zaire mpya 100,000. Ukizidisha, ni zaire za zamani milioni elfu mia tatu kwa franga moja! Basi zaire 2 na nusu za ngagi zikawa si kitu. Zile gramu za madini hazikupungua hata moja. Mnunuzi wa leo hulipia hizo, pamoja na mnyama aliyechorwa. Rwanda nayo ilipotoa wakia ya fedha yenye ngagi mwaka 2008, iliandika juu yake franga 50. Nani atakuuzia wakia ya fedha kwa franga 50?

Na mnyama mwenyewe? Mwaka 1981 walihesabiwa 250 hivi katika Virunga yote. Vilikuja vita na wakimbizi, na biashara ya makaa. Julai 2007, upande wetu wa Kongo, dume na majike wa jamaa moja waliuawa kwa risasi. Wanakijiji walisaidia kubeba maiti zao kwa machela ya miti. Hata hivyo hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 iliwakuta 604. Ongezeko hilo limegharimu damu: zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamekufa kazini. Twadhani wengi wao hawakuiona sarafu hiyo hata siku moja.