Ifahamu mitandao ya wataalamu wa leza Afrika

Anayesomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, si mbali na mtaa wa Milimani jijini Nakuru, aweza kuijua leza kinadharia. Kuchonga nayo kifaa cha kipimo cha mikroni ni jambo jingine, kwani mitambo ya kazi hiyo ni ghali mno.

Mikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita. Nanomita ni ndogo mara elfu zaidi. Miale inayopigwa kwa vipindi vifupi kupindukia huondoa chuma kabla joto halijasambaa. Kwa ufundi wa leza huchongwa vijineli vinavyozuia mishipa ya moyo kuziba.

Ndiyo maana wataalamu hutafutana. Mtandao wa LAM, wa watafiti wa leza, atomu na molekuli, uliundwa Dakar, Senegal, mwaka wa 1991. Mwaka wa 2003, Kituo cha Leza cha Afrika kilizinduliwa nchini Afrika Kusini chini ya NEPAD, ili maabara chache zenye mitambo ziwafae watafiti wa nchi nyingine.

Hata hivyo, cheti pekee hakitoshi. Mwombaji kwa kawaida huhitaji mwenyeji wa kuandaa mradi pamoja naye, na mwenyeji huyo, wala si siri, mara nyingi hupatikana wakati wa chai kongamanoni, kabla fomu haijajazwa.